Chumba cha Milimita Nane

Jumanne ya kiwanda ilikuja mara nne kwa mwaka, na siku hiyo mpimaji wa ultrasaundi alifika kazini saa moja kasoro robo ili apate muda wa kutumbukiza chupa za jeli kwenye beseni la maji ya moto. Watu wa kiwanda cha gundi walikuwa wembamba, na jeli ya baridi iliwafanya wakaze matumbo. Tumbo lililokazwa halipimiki. Walikuwa arobaini na wawili kwa asubuhi moja, dakika nne kila kichwa, na ripoti zao zilikuwa zimeshachapwa tangu jana yake: jina, umri, idara, kisha ini kawaida, nyongo kawaida, figo kawaida. Palipoachwa wazi ni nafasi ya urefu wa ini kwa sentimita na mstari wa sahihi. Aliyezichapa ni karani wa mapokezi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, na alijigamba kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kurudishiwa hata moja.

Mpimaji alikuwa na miaka kumi na mmoja katika chumba kile kisicho na dirisha. Wagonjwa walidhani mashine yake ni aina ya kamera, naye alishachoka kuwasahihisha. Mashine haioni, inasikiliza. Inapeleka mwilini sauti ambayo hakuna sikio linaloweza kuisikia, kisha inasubiri irudi. Kwenye maji hakirudi kitu, ndiyo maana kibofu huonekana cheusi. Kwenye mfupa inarudi karibu yote, kwa hiyo mfupa unang'aa na nyuma yake panakuwa giza. Nyama laini kama ini hurudisha kidogo kidogo kutoka kila mahali, na picha yake huwa ya kijivu yenye punjepunje, kama mchanga uliolowa. Watu huzitazama punje zile wakidhani ndizo ini lenyewe. Wala. Ni minong'ono inayogongana njiani wakati wa kurudi.

Alikuwa na vipimio viwili vya kuegemeza tumboni. Kile kikubwa cha mviringo kilikuwa na sauti nzito iliyofika hadi karibu na mgongo, lakini kilionyesha mambo kwa ujumla tu. Kile kidogo, bapa, kilionyesha hata uzi, ila sauti yake nyembamba ilichoka baada ya upana wa vidole viwili au vitatu. Na hata hicho kidogo kilikuwa na mpaka wake. Vitu viwili vikikaribiana kupita nusu milimita, kilivionyesha kama kitu kimoja. Huo si ubovu, ndivyo sauti ilivyo, na mpimaji alikuwa amewafundisha hivyo madaktari wawili watatu waliopita hospitalini hapo wakiwa bado wageni wa kazi.

Chumba alikiona kwa mara ya kwanza kwenye ini la mwanamume mmoja wa idara ya kukorogea. Mtu yule alikuwa mwembamba kiasi kwamba mpimaji aliacha kipimio kikubwa, akachukua kidogo, akakiegemeza chini ya mbavu za kulia. Kwenye kina cha sentimita mbili kulikuwa na chumba. Upana wake milimita nane. Kilikuwa na kuta nne, mlango mmoja, matangi mawili ya mviringo, na juu karibu na dari, feni. Kuzunguka matangi kulikuwa na vitone vinavyotembea, kila kimoja nusu milimita, vikienda na kurudi kama wakorogaji waendavyo na mapao yao, ile miti mirefu ya kukorogea. Mpimaji alipima ukuta hadi ukuta, akahifadhi picha, akamwambia mtu yule ajifute na amwite anayefuata.

Anayefuata naye alikuwa nacho. Wote wanane wa idara ya kukorogea walikuwa nacho, chumba kilekile, matangi yaleyale. Watu wa kupakia makopo hawakuwa nacho. Meneja wa kiwanda, aliyekuja siku hiyohiyo kwa mlango wa nyuma asipange foleni, haikujulikana kama anacho au hana, kwa sababu kitambi chake kilimeza sauti yote na kwenye skrini kukabaki ukungu. Ripoti yake ilisema kawaida, sawa na za wengine.

Wakati wa chai alimweleza daktari.

"Kina ukubwa gani?" daktari aliuliza.

"Milimita nane."

"Chini ya sentimita moja hatuandiki. Unajua."

"Kuna watu ndani, daktari."

"Wangapi?"

"Nane. Mara nyingine naona saba, kuna wawili wanakaribiana."

"Wanafanya nini?"

"Wanakoroga."

Daktari alichovya mkate kwenye chai, akaula, akafuta vidole. "Basi hao ni wa kiwanda," alisema. "Si wagonjwa wetu."

Hospitalini hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo mwaka huo. Wakorogaji wenyewe walipoambiwa walisema walishahisi kitu kama hicho, hasa wakilala ubavu wa kulia. Mmoja wao aliuliza kama huko ndani feni inazunguka. Mpimaji alimwambia haizunguki. Yule bwana akasema basi ni chumba chao kabisa, kwa sababu feni ya kukorogea ilikufa miaka mitatu iliyopita, na mvuke wa dawa ya kuyeyushia gundi ukawa unatoka kwa njia ya pua zao.

Mwaka uliofuata mdogo wake mpimaji aliajiriwa kiwandani, na wakampeleka kukorogea kuziba nafasi ya mmoja aliyetolewa.

Alikuwa mdogo wake wa mwisho, tumbo moja, na tangu utotoni nyumbani walimwita Kijiti kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Alikuwa mtu wa maneno, na hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa amekaa miezi mitano bila kazi, mke yupo, watoto wawili wapo, na siku alipopata barua ya ajira alimpigia dada yake simu akapiga kelele hadi dada akaiweka simu mbali na sikio. Dada hakupiga kelele. Alimwuliza idara gani. Alipojibiwa, alisema hongera.

Miezi mitatu baadaye Kijiti alilala kwenye kitanda cha kupimia, fulana ameikunjia kifuani, anacheka kwa sababu jeli inamtekenya. Kwa wembamba wake, ini lake lilionekana vizuri kuliko la mtu yeyote aliyewahi kupimwa katika chumba kile. Chumba kilikuwamo. Vitone saba vilizunguka matangi kwa upande mmoja, kimoja kilizunguka kinyume. Kijiti alitumia mkono wa kushoto. Mpimaji alikitazama kitone kile kinachokwenda kinyume na wenzake, akahisi machozi, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia kipimio.

"Nionyeshe basi," Kijiti alisema.

Akamgeuzia skrini.

"Ahaa. Huyo ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Mbona ninafanya kazi na nimeomba ruhusa?"

"Humo hakuna ruhusa. Hata Jumapili wanafanya kazi."

Kijiti alitikisa kichwa. "Dada, nyinyi mlikuwa mnasema sina nyama mwilini. Kumbe nina chumba kizima na wapangaji."

Walicheka wote wawili. Chumba kilikuwa na milimita nane. Kwenye kipimo kilichofuata kilikuwa na milimita nane na nusu, kisha tisa, na Kijiti akaanza kujikuna mikono bila kujua kwamba anajikuna. Alikuwa anasinzia akiwa ameketi. Weupe wa macho yake ulianza kugeuka rangi ya karatasi iliyokaa juani.

Mpimaji alikuwa na hesabu moja tu kichwani. Kitu kikifika sentimita moja, sheria ya hospitali ilitaka kiandikwe kwenye ripoti, na kikiandikwa, mwenye nacho lazima atolewe mahali anapofanyia kazi apelekwe hospitali kubwa akachunguzwe. Sentimita moja ingemtoa Kijiti kwenye mvuke ule. Alikuwa anasubiri mdogo wake azidi kuharibika kidogo ndipo aruhusiwe kumwokoa, na alijichukia kwa kusubiri.

Jumamosi moja mchana alikwenda nyumbani kwa Kijiti. Mwenyewe alikuwa amelala chumbani. Mkewe alikuwa sebuleni anakunja nguo za watoto, na hakuacha kukunja alipomkaribisha.

"Wifi," alisema, "mimi sijui kuzunguka. Najua unachotaka kufanya."

"Nataka apone."

"Ukimwandika, atatolewa kukorogea. Sawa. Atapelekwa wapi? Yule wa zamu ya asubuhi waliyemtoa kwa sababu ya kifua, waliambiwa atatafutiwa nafasi. Mpaka leo anatafutiwa."

"Wifi, macho yake umeyaona?"

"Ninaamka nayo kila siku, nisiyaone?" Alikunja kaptura ndogo mara mbili, akaikunjua, akaikunja upya. "Mwenyewe hataki. Ameniambia nikuombe kwa sababu yeye anaona haya. Akimwaga unga safari hii, tutakwenda kukaa kwa nani? Kwako? Una vyumba viwili na mama yenu yuko kimoja."

Mpimaji aliketi kando ya rundo. Alimsaidia kukunja nguo. Alipokuwa anaondoka Kijiti aliamka, akamsindikiza hadi barabarani akitembea polepole kama mtu anayeongozana na mtoto, akamwambia kwa utani kwamba wapangaji wake hawana kelele, amwache nao.

Jumanne ya kiwanda iliyofuata, chumba kilikuwa na milimita tisa na nukta sita. Mpimaji aliweka alama ya kwanza ya kipimo kwenye ukuta wa kushoto. Alama ya pili, badala ya kuiweka upande wa ndani wa ukuta wa kulia, aliiweka upande wa nje. Mashine iliandika kumi. Akachukua kalamu, akakata neno "kawaida" kwenye ripoti iliyochapwa, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake: "Ndani ya ini kuna chumba cha kukorogea gundi, sentimita moja, chenye watu wanane kazini. Feni haizunguki. Mgonjwa atolewe." Kijiti alikuwa anavaa shati, hakuona. Naye dada hakumwambia.

Daktari alimwita ofisini kwake kabla ya chakula cha mchana.

"Hii umepima vizuri?"

"Nimepima."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mashine yetu ina mpaka wake. Milimita moja huku, milimita moja huku. Ukiniambia kumi, inaweza kuwa tisa."

"Inaweza kuwa kumi na moja pia."

"Inaweza," daktari alikubali. Alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliomchosha mpimaji kuliko ukali. "Lakini kwa kuwa hatuwezi kujua, tunachukua ile isiyoleta matatizo. Tena nasikia ni ndugu yako. Watasema umetia chumvi." Akaandika pembeni: ndogo mno kuelezeka, irudiwe kama kawaida. Akapiga muhuri. Lakini maneno ya mpimaji hayakufutwa, kwa sababu karani alikuwa ameshaiweka nakala kwenye bahasha ya kiwanda, na bahasha ikaenda.

Siku mbili baadaye alikuja msimamizi wa idara ya kukorogea, mtu mrefu, nadhifu, mwenye daftari la mahudhurio kwapani. Mpimaji alijiandaa kugombana. Alikuwa amepanga maneno yote ya feni, alikuwa ameyarudia bafuni asubuhi. Msimamizi alisikiliza hadi mwisho kwa heshima, akasema suala la feni linafahamika na liko kwenye mpango. Kilichomleta ni kitu kingine.

"Umeandika watu wanane kazini," alisema. "Unaweza kuwaona wakati wowote?"

"Wakati wowote mwenye ini akilala hapo."

"Hata zamu ikiwa imekwisha?"

"Hata hivyo."

"Naomba kuona."

Aliletewa mkorogaji aliyekuwa amekuja kufungwa kidonda cha mguu. Msimamizi alivuta kiti, akatazama skrini kwa makini, ncha ya kalamu ikifuata vitone kimoja kimoja. "Saba," alisema. "Nani hayupo?"

"Wapo wote. Wawili wamekaribiana. Wakiwa karibu kupita nusu milimita mashine inawaonyesha kama mtu mmoja."

"Mimi naona saba." Akaandika saba.

Mwisho wa wiki ile idara nzima ya kukorogea ilinyimwa siku ya mapumziko, kwa kuwa mmoja wao, asiyejulikana, hakuwepo kazini ndani ya ini. Wakorogaji walisikitika lakini hawakubisha. Mmoja alikiri kwamba huenda ni yeye, maana wiki ile alikuwa anajisikia kama hayupo.

Kuanzia hapo Jumanne ya kiwanda ikawa kila mwezi, kwa idara ya kukorogea peke yake. Kiwanda kiliipa hospitali skrini mpya, pana kama meza ya chakula, na picha ya pamoja ikapigwa mlangoni, daktari na meneja wakiwa wameshikana mikono. Mpimaji aliambiwa asimame pembeni akasimama. Skrini ilifanya vitone viwe vikubwa lakini haikuvifanya viwe wazi zaidi, kwa sababu ukikuza ukungu unapata ukungu mkubwa. Pamoja na skrini ilikuja barua ya hospitali kwa vitengo vyote: ili kuwaondolea wagonjwa hofu isiyo ya lazima, kitu chochote kilichoonekana ndani ya ini kisiandikwe hadi kifike sentimita mbili. Mpimaji aliisoma barua mara tatu, akaibandika ukutani alipoagizwa, akaenda chooni akakaa huko hadi alipogongewa mlango.

Msimamizi alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Aliporudi mwezi uliofuata na kuhesabu saba, kisha sita, kisha saba, alimwuliza mpimaji tena kuhusu ule mpaka wa nusu milimita, na safari hii aliandika maelezo.

"Kwa hiyo tatizo ni kukaribiana," alisema.

"Tatizo ni mvuke."

"La hesabu, nasema. La hesabu ni kukaribiana."

"Ndiyo."

"Hilo ni jambo dogo, mtaalamu. Ungesema mapema."

Wiki ile sakafu ya idara ya kukorogea ilichorwa maduara nane kwa rangi ya njano, manne kuzunguka kila tangi. Kila mkorogaji alipewa duara lake na kuamriwa asitoke humo saa za kazi, asisogeleane na mwenzake, na akitaka kusema jambo alisemee hapohapo aliposimama. Amri ilifanya kazi. Mwezi uliofuata, kwenye maini yote manane, sakafu ya chumba ilikuwa na maduara nane yanayong'aa, na ndani ya kila duara kitone kimoja kinachoyumba mbele na nyuma. Msimamizi alihesabu nane kwenye kila ini, na aliporudi kiwandani aliwarudishia siku yao ya mapumziko. Wakorogaji walimshukuru. Kijiti alimsimulia dada yake habari hiyo kama habari njema.

"Sasa wanatuona vizuri," alisema, akijikuna shingo.

"Zamani mlikuwa mnasaidiana kulivuta pao gundi ikishika."

"Zamani ndiyo. Sasa kila mtu na duara lake." Alikuwa amejilaza kwenye kiti cha plastiki cha dada yake, miguu ameinyoosha, amekonda hadi mkanda wa suruali umeongezwa matundu kwa msumari. "Mzee wa tangi la pili alianguka juzi, kizunguzungu. Tulimwita tu kwa mdomo. Aliinuka mwenyewe, alhamdulillahi."

"Kijiti, acha kazi hiyo."

"Dada."

"Nakuomba. Nitatafuta pa kuwaweka."

"Wapi?"

Alimtajia mama, alitaja kuhama, alitaja rafiki yake mwenye nyumba ya uani. Kijiti alimsikiliza kwa uvumilivu, jinsi wanavyosikilizwa watu wazima wanapoota mchana, kisha akasema ataangalia mwakani mtoto wake mdogo akianza shule. Dada alijua hataangalia. Alitaka kumpiga kofi kama zamani walipokuwa wadogo, na alitaka kumbeba mgongoni, kama zamani vilevile.

Jumanne iliyofuata Kijiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipanda kitandani kwa shida, akakunja fulana, na jeli ilipomgusa hakucheka. Msimamizi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake mbele ya skrini, daftari limefunguliwa. Mpimaji aliegemeza kipimio chini ya mbavu za kulia. Hakuhitaji hata kukandamiza.

Chumba kilikuwa na milimita kumi na nne. Maduara nane yalikuwapo, matangi yalikuwapo, feni imekufa. Vitone saba viliyumba mbele na nyuma ndani ya maduara yao. Cha nane, chenye kukoroga kinyume na wenzake, kilikuwa kimetulia katikati ya duara lake. Mpimaji alingoja. Ini hupanda na kushuka mtu anapopumua, na chumba kikapanda na kushuka na vyote vilivyomo, lakini kitone kile hakikusogea kwa nguvu zake chenyewe. Aligeuza kipimio kwa upande mwingine. Aliongeza mwanga. Alimwambia Kijiti avute pumzi aishike, Kijiti akaishika, na katika utulivu ule wote saba walionekana wakikoroga na mmoja hakorogi.

Alitazama kama kuna atakayemwendea. Kitone cha duara la jirani kilisogea hadi ukingo wa mstari wa njano, kikasimama hapo kwa muda, kikarudi.

"Pumua," alimwambia mdogo wake.

Msimamizi alipitisha ncha ya kalamu hewani. "Nane," alisema, akaandika. "Wametimia."

"Mmoja amelala."

Msimamizi alisogeza uso karibu na skrini. Kwa ukubwa ule, mtu aliyesimama ni kitone na mtu aliyelala ni kitone. "Lakini yupo," alisema.

"Hasogei. Nimemwangalia dakika mbili nzima, hasogei."

"Yuko ndani ya duara lake, mtaalamu. Mimi nahesabu mahudhurio. Mambo ya kulala na kusimama yana ofisi yake."

Mpimaji aliiweka kalamu juu ya ripoti iliyochapwa, hakuishika tena. "Hii siisaini," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, na aliichukia kwa wembamba wake. "Mkitaka, asaini daktari. Mimi siisaini."

Msimamizi hakukasirika. Alifunga daftari lake, akafafanua kwamba fomu isiyo na sahihi ni sawa na mtu ambaye hakupimwa, na ambaye hakupimwa haingii getini. Alisema hayo akimtazama Kijiti, si mpimaji.

Kijiti aliinuka kwa kiwiko. Macho yake yalikuwa ya njano kabisa sasa. Alimtazama dada yake, akageukia skrini, akaangalia kile kitone kwa muda. Hakuuliza ni nani. Akachukua kitambaa mwenyewe, akajifuta jeli tumboni, kwa uangalifu, hadi pembeni.

"Dada, saini," alisema. "Zamu inaanza saa nne, na nikichelewa watanihamishia tangi la nyuma."

"Kijiti."

"Saini, dada yangu. Mimi si ninaongea na wewe hapa? Si unaniona?"

Alisaini. Kwenye nafasi ya urefu wa ini aliandika sentimita kumi na saba, kama ilivyokuwa, na neno kawaida alilikuta lipo. Kijiti alishuka kitandani, akaomba mkono, akapewa. Mlangoni alimwachia nafasi mwenzake aliyekuwa anaingia, wakapishana bila kugusana, kwa mazoea, akaondoka kwenda kazini.

Mpimaji akabadilisha shuka la karatasi, akapaka jeli nyingine, akaegemeza kipimio. Mle nako maduara yalikuwa manane, saba wakikoroga, mmoja kalala. Alikiona chumba kile mara saba zaidi asubuhi ile, kwenye maini saba ya watu wengine, na mara zote saba msimamizi alihesabu nane.